Video Niliyoikata Katikati ya Mlio wa Baba

Ijumaa moja asubuhi pikapu iliingia nyumbani kwetu Aroi, imejaa watu waliokuja kumlilia baba yangu.

Wanawake walikuwa wameshajifunga leso kiunoni. Wanaume walikuwa na fimbo. Mzee mmoja alikuwa na upinde, sidanganyi, upinde wa kweli na mishale yake.

Baba yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya karanga.

Na aliyewaita wote wale ni mimi. Kwa video ambayo hata maji ya chai hayawezi kuchemka kabla haijaisha.

Vuta kiti nikueleze nilivyojiingiza.

Naitwa Driwaru. Nafanya kazi Arua mjini, kwenye kiduka cha kuchapa karatasi na kupiga picha za pasipoti. Kama picha ya kitambulisho chako imekufanya ufanane na mwizi wa kuku, huenda ni mimi niliyeipiga. Tusameheane.

Lakini moyo wangu uko kwenye blogu yangu. Inaitwa Nyuma ya Nyumba. Naandika stori za wazee wetu, zile wanazosimulia wakati wa kumenya muhogo, wakijua watoto hawasikilizi. Naandika Kiswahili ili Mlugbara asome, Mkakwa asome, Mnubi asome, na wakwe zangu watarajiwa kutoka Sudan Kusini nao wasome.

Wasomaji wenyewe sasa!

Kulikuwa na mimi. Kulikuwa na Linda, mfanyakazi mwenzangu, ambaye nilimlazimisha. Halafu kulikuwa na mtu mmoja nisiyemjua, anafungua kila Jumapili mchana, anakaa muda mrefu, anaondoka bila hata kusema ahsante.

"Huyo ni roboti," Linda akaniambia. "Mtandao umejaa maroboti."

Sawa. Nikamzoea roboti wangu.

Mimi lakini sikuwa nataka umaarufu. Nilikuwa nataka msomaji mmoja tu, na huyo alikuwa baba yangu mkubwa, Aliga, anayeishi Koboko.

Baba mkubwa Aliga na baba yangu Adriko ni ndugu wa tumbo moja. Hawakuwa wakisalimiana tangu siku ya mazishi ya bibi.

Siku ile mvua ilinyesha kama imetumwa. Baba mkubwa akakwama njiani, akafika tumeshafukia kaburi. Wakati anashuka kwenye gari, baba alikuwa ameshika kipaza sauti anashukuru wageni. Akasema, kila mtu akasikia, "Wa Ulaya wamefika. Wa Koboko bado wako njiani."

Watu wakacheka. Msibani watu hucheka haraka, wanatafuta pa kupumulia.

Baba mkubwa hakucheka. Aliweka udongo wake kwenye kaburi la mama yake, akageuka, akasema, "Sitakanyaga tena hapa mpaka Adriko aniite kwa mdomo wake mwenyewe."

Baba naye akajibu, "Simwiti mtu. Njia anaijua."

Basi. Wanaume wazima, kila mmoja na mvi zake, wakanuna miaka.

Ingekuwa ni shida yao wenyewe ningewaacha wazeeke na kiburi chao. Lakini mimi nilikuwa nimepata mchumba.

Ni kijana anaitwa Jada. Kwao ni Sudan Kusini, sasa wanaishi Omugo, na ukimsikia anavyocheka utaelewa kwa nini sikusumbuka kutafuta mwingine. Watu wake walipokuja mara ya kwanza kuzungumza habari za mahari, mjomba wake mzee Pitia alitazama viti, akahesabu vichwa, akauliza, "Kaka ya mzee Adriko iko wapi?"

Baba akaanza kupanga upya vikombe vya chai.

"Sisi hatuwezi kuleta ng'ombe kwa nyumba iko na ufa," mzee Pitia akasema kwa upole kabisa. "Tengeneza kwanza. Sisi tutarudi Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Tukikuta bado, basi, tutajua Mungu hapendi hii kitu."

Jada alinitazama. Mimi nilitazama chini. Usiku ule nililia, naweza kusema bila aibu.

Ndipo nikaamua kuandika.

Niliandika stori ambayo mama alinisimulia, kwa sababu baba mwenyewe hawezi kuitoa mdomoni. Ilikuwa wakati ule wa vita, watu wa huku walipokimbilia Kongo. Baba alikuwa mtoto, mguu umevimba, hawezi kutembea. Aliga, naye mtoto vilevile, alimbeba mgongoni mpaka Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Kila alipomshusha kwenye nyasi ndefu aende kutafuta maji, alimwambia, "Ukiogopa, piga mlio. Nitakuja."

Hapa nieleze kidogo kwa wasio wa kwetu.

Kwetu mwanaume ana mlio wake. Tunauita cere. Ni sauti ya juu, ndefu, na kila mtu ana wake na maneno yake. Anaupiga akiwa na furaha, kwenye ngoma, akitoka kilabuni, au akiwa hatarini. Mlio wa mtu haupigwi na mwingine. Ukiusikia unajua ni nani hata kama yuko ng'ambo ya kilima.

Cere ya baba ilizaliwa kwenye zile nyasi. Sehemu ya kwanza inasema, "Nani ataniacha njiani?" Sehemu ya pili inajibu, "Aliga yuko nyuma yangu!"

Umeona shida? Tangu wagombane, baba hakupiga mlio wake hata siku moja. Angeupigaje? Ungemlazimu ataje jina.

Niliandika yote hayo. Nikaipa stori kichwa "Mgongo wa Aliga". Nikaiweka kwenye blogu.

Nikasubiri.

Akasoma Linda. Akasoma roboti.

"Wewe Driwaru," Linda akaniambia tukiwa dukani, "unaandika vizuri, lakini umefungua hoteli porini. Nani atajua kuna chakula? Weka video fupi."

"Mimi sijui kucheza mbele ya kamera."

"Nani kakuambia ucheze? Sikiliza. Mwanzo tu, mshike mtu shati. Mwonyeshe kitu hajawahi kuona. Halafu, pale pale anapotaka kujua, kata! Mwandikie chini: iliyobaki iko kwenye blogu. Atakutukana, lakini atakwenda."

Nikawaza kitu ambacho watu hawajawahi kuona. Nikawaza baba mkubwa, ambaye kwa mujibu wa binamu zangu anashinda kwenye Tiktok kuliko watoto wa shule.

Nikaenda Aroi kumwomba baba anipigie mlio wake.

Akakataa. Nikamwomba tena. Akakataa na kuongeza matusi madogo. Mama, aliyekuwa anachambua kunde, akasema bila kuinua kichwa, "Fanyia mtoto. Utakufa nayo hiyo sauti?"

Baba akaniangalia kwa muda. "Hii video inafika wapi?"

"Kila mahali, baba."

"Hata Koboko?"

"Hata Juba."

Akasimama. Akavuta pumzi. Akatupa kichwa nyuma na sauti ikatoka, na mimi mwenyewe niliyeshika simu nilisikia ngozi inasisimka. "Nani ataniacha njianiii..."

Halafu kimya. Akakohoa, akakaa. "Imetosha."

"Baba, maliza basi."

"Nimesema imetosha."

Nilikasirika, lakini njiani nikawaza: si ndivyo Linda alivyosema? Kata pale mtu anapotaka kujua! Kumbe nimepata dhahabu.

Jumatano, wiki ileile ambayo wageni walikuwa wanakuja Jumamosi, nikaipandisha. Chini nikaandika: Mlio huu una sehemu ya pili. Isome kwenye blogu ya Nyuma ya Nyumba.

Bana wee.

Kufika Alhamisi simu ilikuwa inatetemeka mezani mpaka wateja wanaishangaa. Watu walikuwa wanatazama kwa maelfu. Maoni yalikuwa ya kila aina. "Malizia wewe dada, tuna kazi." "Huyu mzee yuko salama?" "Nimelaani kizazi chako ila nimekwenda kusoma, nimelia."

Na kweli walikuwa wanakwenda. Blogu yangu iliyozoea watu watatu ikajaa kama stendi ya Krismasi. Linda akacheza katikati ya duka. Mteja aliyekuwa amekaa kwa picha ya pasipoti akacheka, na hivyo ndivyo atakavyoonekana mpaka kitambulisho kiishe muda.

Nilikuwa na furaha mpaka shangazi Driciru aliponipigia kutoka soko la Inde.

"Driwaru! Nani napiga baba yako?"

"Hakuna aliyempiga, shangazi. Ni video tu."

"Video ya nini! Mimi nasikia na masikio yangu. Mutu ya kuuza memori kadi naweka kwa spika kubwa, soko yote nasikia. Adriko nalia, halafu sauti nakatika! Baba yako mdogo wawili nashaacha mbuzi, iko nakimbia!"

"Shangazi, kwa nini wakimbie?"

Akashangaa nimelelewa na nani. "Mtoto, mlio hauachwi katikati. Mlio nakatika kama mwenye nashaanguka chini. Hii hata kuku najua."

Nikakaa chini.

"Shangazi, soma kwenye blogu, utaona kila kitu kiko sawa."

"Hiyo blogu iko hospitali ya wapi? Nikuje na uji?"

Nikampigia baba. Hapokei. Nikampigia mama. "Baba yako iko mzima, nakula," akasema, akakata. Nikafuta video, lakini wapi! Watu walikuwa wameshaipakua, wameisambaza kwenye magrupu ya ukoo, ya kanisa, ya boda. Zaidi ya yote, kila aliyeisambaza alikuwa ameondoa maneno yangu ya chini. Ilibaki sauti ya baba tu, ikikatika.

Ijumaa alfajiri nikapanda boda mpaka Aroi. Kama baba mkubwa ameisikia, atafikiri ndugu yake ameuawa. Akija akakuta ni mchezo wa simu, atasema tumemtukana mara ya pili, na safari hii mbele ya dunia nzima. Kesho mzee Pitia anakuja. Ndoa yangu nimeiua mwenyewe kwa mkono wangu.

Nikamkuta baba anamenya karanga. Wale baba zangu wadogo walikuwa wameshamwona mzima, wakarudi kwa mbuzi wao. Amenyoa ndevu. Amevaa shati la kwendea kanisani.

"Baba, watu wanadhani umekufa!"

"Ah," akasema, akatia karanga mdomoni.

Jikoni, mama alikuwa amepika sufuria ya kunde ambayo ingelisha kijiji. Nikadhani anajiandaa kwa wageni wa Jumamosi. Sikujiuliza kwa nini kunde za Jumamosi zinaiva Ijumaa.

Ndipo tukasikia honi. Ndefu, haiachi, kutoka barabara kuu.

Pikapu ikaingia na vumbi lake. Dereva alikuwa Shafik, Mnubi wa Koboko anayebeba mizigo ya mpakani, na alishuka analia machozi kabisa. "Wallahi mimi nakuja mbio! Njia yote ya Maracha mimi hapana kanyaga breki! Maiti iko wapi?"

"Maiti nini, wewe?" mama akajibu kutoka jikoni. "Kuja kula."

Mama mkubwa Celestina, mke wa Aliga, alikuwa ameshaanza kilio. Alifika hadi katikati ya uwanja mikono kichwani, akamwona baba na bakuli lake la karanga, akakwama mdomo wazi. Mwenye upinde akaushusha polepole, akaanza kuutazama kama vile kuna mtu amemwekea mkononi.

Mwisho akashuka baba mkubwa Aliga. Mrefu, kofia mkononi, fimbo mkono mwingine. Mguu wake ulikanyaga udongo wa Aroi, na uwanja mzima ukanyamaza, hata Shafik.

Nikajua leo kimenuka. Nikafungua mdomo nijieleze, niseme ni mimi, ni video, ni Linda, ni shetani. Mama akanishika mkono. "Nyamaza."

Baba akaweka bakuli chini. Akasimama.

"Ulilia," baba mkubwa akasema.

"Nililia."

"Mlio ulikatika."

"Pumzi iliisha."

"Pumzi iliisha!" Baba mkubwa akamtazama kuanzia miguuni hadi kwenye kidevu kilichonyolewa. "Sasa imerudi?"

Baba akajaribu kujibu, sauti ikakataa. Mimi sijawahi kumwona baba yangu anaogopa kitu, lakini pale aliogopa.

"Basi maliza," ndugu yake akasema.

Baba akatupa kichwa nyuma. Akaanza upya, kutoka mwanzo, "Nani ataniacha njianiii..." na ilipofika pale pa kukatikia sauti ikapasuka, ikapanda, ikalitaja lile jina. "Aliga yuko nyuma yanguuu!"

Iliruka mpaka ng'ambo. Jirani zetu wakajibu na vigelegele. Baba mkubwa akaachia fimbo, akamkumbatia mdogo wake, na wale wanaume wawili wakalia kwa sauti bila kujali nani anatazama.

Mama mkubwa Celestina akakunja leso yake ya msiba, akasema, "Mimi nashalia Maracha yote bure," akaenda jikoni kuchukua sahani.

Simu nilikuwa nayo mkononi. Sikurekodi. Linda bado hajanisamehe.

Jumamosi mzee Pitia alikuja, akatazama viti, akahesabu vichwa, akamkuta Aliga amekaa kiti cha kwanza kana kwamba hajawahi kutoka. "Sasa hii ni nyumba," akasema. Jada akacheka kile kicheko chake. Mengine ya ng'ombe hayakuhusu.

Ungefikiri stori imeishia hapo. Na mimi nilifikiri hivyo.

Jumapili, kabla hajarudi Koboko, baba mkubwa aliniita nyuma ya nyumba. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Driwaru. Kwa ile stori ya mgongo yangu, uliandika mguu ya kushoto ndiyo ilivimba. Ilikuwa ya kuume. Tengeneza."

"Sawa, baba mkubwa. Umeisoma jana?"

"Jana? Mimi nasoma tangu uliiweka. Celestina ananisomea kila Jumapili tukitoka misa. Mimi nashajua zote, hata ile ya bibi na mbuzi wa padri."

Nikaganda. Roboti wangu alikuwa amesimama mbele yangu na kofia mkononi.

"Sasa... Ijumaa ulijua baba hajafa?"

"Huyu kufa? Na sauti ile?" Akacheka. "Nilijua ni video. Hata Celestina sikumwambia. Lakini mimi ningesema nini? Nitoke Koboko, nishuke hapa, niseme nimekuja kwa sababu ya blogu? Mwanaume hatoki Koboko kwa sababu ya blogu. Lakini ndugu akilia, nani atanicheka? Usimwambie baba yako."

Nikaapa sitasema.

Jioni, baada ya pikapu kuondoka, baba naye akaniita. Palepale nyuma ya nyumba. Naye akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Wewe ulifikiri ni simu yako ndiyo ilikata ule mlio?"

Nikaitazama simu yangu.

"Alisema nimwite kwa mdomo wangu. Mimi nilisema simwiti. Basi, sikumwita. Nilipiga mlio wangu, nikauacha hapo." Akasafisha koo. "Mlio ukikatika, Aliga hawezi kukaa. Tangu mtoto hawezi. Mama yako alishaweka kunde kwenye maji. Usimwambie baba yako mkubwa."

Nikaapa tena.

Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza kila siku namna ya kutumia video fupi kuleta watu kwenye blogu, nendeni kwa Linda, anajua. Mshike mtu shati, kata pazuri, andika iliyobaki iko wapi. Inafanya kazi. Mimi wasomaji ninao sasa mpaka Juba.

Mimi nilichojifunza ni kingine. Nilihangaika kumleta mtu mmoja kwenye blogu, kumbe alikuwa amekaa ndani siku zote, Jumapili kwa Jumapili, anasoma mpaka miguu ya kuvimba. Alikosa sababu ya kutoka. Wagombanao ndio wapatanao, lakini kila mmoja husubiri mlango ambao haumlazimu kuinama. Ukiweza kumfungulia mtu wako mlango huo, mfungulie, hata kama ni kwa bahati mbaya.

Mguu nimeshatengeneza. Ni wa kulia.

Na kwa kuwa najua leo ni Jumapili na misa imekwisha: baba mkubwa, ulijua. Baba, ulijua. Sasa kila mmoja anajua kwamba mwenzake alijua. Mama mkubwa Celestina, ukifika hapa, soma polepole, na simu yangu nimeizima.